Anayemwita Pamba

Alhamisi, 2 Oktoba
Bado hakujanyesha. Mahindi nimepanda kavu kwenye matuta yote matatu ya juu, na jirani yangu Ndolo alikuja kunisaidia kumaliza mashimo. Upepo tu, na vumbi hadi kwenye sufuria.

Ijumaa, 3 Oktoba
Leo nimeona jambo na sina wa kumwambia, kwa hivyo nitaliandika.

Pamba ni mbwa wetu. Ni mweupe kote na ni kiziwi tangu azaliwe. Marehemu mume wangu Mulei ndiye aliyemleta kutoka sokoni Kikima akiwa mdogo kama kiatu, na ndiye aliyempa jina. Alisema huyu anaishi kama mtu aliyejiziba masikio kwa pamba. Kwa kuwa kumwita kwa sauti hakufai, Mulei alimfundisha kwa mguu. Kisigino chini mara mbili, haraka: njoo. Mara moja: kaa. Pamba hulala kidevu chake kikiwa kimegusa ardhi, na ule mtikisiko humfikia hata akiwa mbali uani.

Leo saa kumi na dakika kumi nilikuwa nachambua maharagwe ya mbegu mbele ya jikoni. Pamba aliinua kichwa, akasimama kama anavyosimama akiitwa, akavuka uwanja akaenda karakana ya useremala ya Mulei. Mimi sikuwa nimepiga mguu, na hapakuwa na mtu mwingine. Nilimfuata. Alikuwa ameketi katikati ya sakafu ya mbao, kati ya meza ya randa na ukuta, akitazama chini mahali pasipo na kitu. Alikaa hivyo robo saa nzima, masikio yamelala. Kisha akatoka, akanywa maji.

Mulei alifia humo karakana tarehe kumi na nne Agosti. Hapo hapo.

Jumamosi, 4 Oktoba
Saa kumi na dakika kumi. Tena.

Jumapili, 5 Oktoba
Niliporudi kutoka kanisani alikuwa tayari humo ndani.

Jumatatu, 6 Oktoba
Tena. Nimeacha kutazama saa, namtazama yeye.

Alhamisi, 9 Oktoba
Leo nilimfunga kwa kamba kwenye nguzo ya jikoni saa tisa. Nilitaka kujua kama ni mazoea tu, kama vile ng'ombe anavyojua saa ya kukamuliwa. Saa ilipofika aliinuka, kamba ikamkaba. Hakuvuta kwa hasira. Alisimama tu, shingo imenyooka kuelekea karakana, miguu ya nyuma ikitetemeka, na akaanza kutoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake. Mbwa asiyesikia sauti yake mwenyewe hulia vibaya. Nilimfungua kabla ya dakika mbili.

Nilifundisha shule ya msingi miaka thelathini na moja na sikuwahi kuwaambia watoto kwamba kuna vitu kama hivi.

Jumapili, 12 Oktoba
Binti yangu Mutindi alipiga simu kutoka Kitui, anakofanya kazi katika ofisi ya ardhi. Ni maneno yale yale. "Mwaitu, mama yangu, utakaa huko mlimani peke yako hadi lini? Chumba kiko tayari."

Nikamwambia nina mahindi ardhini.

"Ndolo atayaangalia. Na huyo mbwa tutamtafutia watu. Hapa kwa ploti ninapopanga hawakubali mbwa."

Kawaida ningekataa. Leo nilinyamaza, naye akakichukua kimya changu kuwa jibu. Sikumweleza kwa nini.

Jumanne, 14 Oktoba
Miezi miwili kamili. Pamba alienda mapema kidogo, akatoka amechelewa.

Nilikuwa jikoni siku ile Mulei alipofariki. Sitaki kuiandika siku ile.

Jumamosi, 18 Oktoba
Mutindi ameweka picha ya Pamba kwenye simu, na tayari kuna watu wameuliza. Mmoja alitaka kujua kama mbwa kiziwi anaweza kulinda. Mwingine aliuliza kama nyama yake inaliwa, nikamwambia Mutindi amfute huyo.

Jumanne, 21 Oktoba
Mvua. Ilikuja kutoka upande wa Kalawani ikiwa nyeusi, ikapiga mabati hadi sikusikia redio. Mitaro ya matuta ilijaa. Nilicheka peke yangu mlangoni kama mtoto.

Pamba alivuka uwanja katikati ya mvua ile ile, saa ile ile. Ardhi yote ilikuwa inatikisika kwa mvua, na bado aliweza kuchagua mtikisiko mmoja.

Jumamosi, 25 Oktoba
Watu kutoka mji wa Salama wamekuja kumwona Pamba. Bwana ni Nyamai, mpole, mikono imejaa grisi ambayo haitoki tena. Mkewe ni Yvonne. Binti yao Mbithe ana miaka saba, na alipofika hakunisalimia kwanza, alienda akapiga magoti mbele ya Pamba na kumwachia anuse uso wake wote.

Wana mashine ya kusaga unga karibu na barabara kuu. Mbwa hawakai kwao kwa sababu ya kelele. "Wawili wametoroka," Yvonne alisema. "Wa mwisho alihamia kwa pasta, na hata tukienda ibada anajifanya hatujui. Huyu hatasikia injini. Atatuvumilia."

Nilimwambia nina hofu na malori. Nyamai akanionyesha picha za ua wao: mabati pande zote na geti la chuma. Akasema, "Mwalimu, mimi pia nina mtoto hapo. Geti halikai wazi."

Niliwafundisha mguu. Mbithe alipopiga mara mbili Pamba akamjia, alifunika mdomo kwa mikono yote miwili.

Waliondoka saa nane. Saa kumi sikuwataka hapa.

Ijumaa, 31 Oktoba
Mahindi yamechipuka. Ukungu tangu asubuhi, hata mti wa parachichi ulio uani siuoni vizuri. Ndolo alipita njiani na hakusimama. Siku hizi ananiepuka macho.

Jumamosi, 1 Novemba
Pamba ameenda.

Walikuja na pikapu ya kubebea magunia. Yvonne alikuwa ametandika blanketi. Mbithe alikaa nyuma na mbwa na baba yake akakaa nao, akimshika mtoto mshipi wa sketi. Nilimfungia Yvonne parachichi kwenye mfuko, na alipokuwa anazipokea akaniuliza, "Kuna kitu kingine tunafaa kujua juu yake, mwalimu? Ugonjwa, ama tabia?"

Alinitazama kwa uso mzuri, uso usio na hila. Nikasema, "Hakuna."

Pamba hakuangalia nyuma. Nilisimama hadi ukungu ulipolifunga gari.

Jumapili, 2 Novemba
Kimya. Nililala mchana, jambo ambalo silifanyi.

Jumatatu, 3 Novemba
Kimya. Yvonne ametuma picha: Pamba amelala kando ya injini inayonguruma, amejaa vumbi la unga, na huwezi kujua mbwa anaishia wapi. Nimefurahi.

Jumatano, 5 Novemba
Saa kumi na dakika kumi nilikuwa jikoni nikikoroga uji. Nimesikia.

Vishindo viwili. Kimya. Viwili tena. Si juu ya mabati, si mlangoni. Chini, kwenye mbao, ndani ya karakana. Vilinifikia kwenye nyayo kabla ya kufika masikioni.

Sikuenda. Niliongeza sauti ya redio.

Alhamisi, 6 Novemba
Tena.

Ijumaa, 7 Novemba
Tena. Nimefunga mlango wa karakana kwa kufuli.

Jumamosi, 8 Novemba
Kufuli halijasaidia.

Jumatano, 12 Novemba
Asubuhi nilizunguka nyuma ya karakana kukata majani ya ng'ombe, nikaona alama za gambuti kwenye matope. Nyingi, moja juu ya nyingine, zote zimeelekea ukuta. Mtu amekuwa akisimama pale siku nyingi. Zilitoka kwenye pengo la ua linaloenda kwa Ndolo.

Nilikaa chini kwenye jiwe kwa jinsi nilivyopata nafuu. Halafu nikakasirika. Ndolo alifanya kazi na Mulei miaka kumi na miwili. Baada ya mazishi alikuja mara moja kuniuliza nitafanya nini na randa na misumeno. Kumbe mtu anaweza kunitisha mimi mjane ili nihamie Kitui nimwachie vyombo. Niliyaona yote waziwazi.

Alhamisi, 13 Novemba
Saa kumi kasoro dakika tano nilijificha nyuma ya tangi la maji. Ndolo alikuja kama nilivyojua, akapenya kwenye ua, akasimama karibu na ukuta na kofia mkononi. Nikatoka.

"Ndolo. Unatafuta nini nyumbani kwangu?"

Hakushtuka hata kidogo, na hilo lilinikera zaidi. Alisema, "Ngoja, mwalimu. Ngoja kidogo tu."

"Ningoje nini? Nimeona alama zako. Mimi si mtoto."

"Ngoja."

Basi tukasimama, yeye huku na mimi huku, mikono yake ikiwa kwenye kofia nikiiona yote miwili, na miguu yake nikiiona. Ndani, upande wa pili wa mbao, vikaja vishindo viwili. Viwili tena. Ndolo alifumba macho.

Vilipoisha alikuwa anatokwa na machozi, mtu mzima wa miaka hamsini. Akaniambia, "Siku ile nilikuwa hapa hapa, nakata majani. Nilimsikia anagonga. Nikafikiri anashindilia mbao. Nilisema nitamsalimia kesho." Akapangusa uso kwa kofia. "Kila siku nakuja nikiwa nimeamua kuingia. Nafika kwa ukuta nashindwa."

Nilimwambia aende nyumbani. Sikumwambia kwa hasira. Sikumwambia lingine pia, ingawa lilikuwa limefika kwenye ulimi.

Jumamosi, 15 Novemba
Yvonne alipiga simu kusalimia. Pamba anakula vizuri, amenenepa, analala mlangoni kwa Mbithe. Kisha akasema, "Kuna kitu kimoja tu. Kila alasiri saa kumi hivi anaamka. Mashine inaunguruma, sakafu yote inatetemeka, na yeye anaamka anaenda kwa geti. Anasimama pale akiangalia upande wa milima. Mbithe naye anaenda kusimama naye. Nikamwuliza mnafanya nini, akaniambia, Pamba anaitwa."

Nikasema labda amekumbuka nyumbani. Atazoea.



Jumatatu, 17 Novemba
Mvua usiku na mchana. Tuta la pili limebomoka upande. Ndolo amekuja kulitengeneza bila kuitwa. Tulifanya kazi pamoja, na saa kumi ilipokaribia kila mmoja akaenda kwake.

Alhamisi, 20 Novemba
Yvonne amepiga simu saa kumi na moja, na mwanzoni sikuelewa kwa sababu alikuwa analia.

Mvua ilikuwa imechimba mfereji chini ya mabati ya ua. Saa ya Pamba ilipofika hakusimama kwenye geti, alipenya pale chini akatoka. Mbithe akapenya nyuma yake. Nyamai alikuwa anapima mahindi ya mteja, na alipoinua macho aliwaona kupitia geti: wako kwenye njia ya kwanza ya barabara kuu, mbwa mbele, mtoto nyuma akiwa ameshika mkia, wanatembea taratibu kama watu wanaoenda kanisani. Lori la mafuta lilifunga breki hadi likakaa mshazari barabarani. Halikuwagusa. Dereva alishuka akakaa chini kwenye lami.

"Mwalimu," Yvonne aliniambia, "nilikuuliza. Ukaniambia hakuna."

Nikamwambia nitakuja kumchukua kesho asubuhi na mapema.

"Sijasema uje umchukue. Huyu ni wetu. Mbithe amelala sasa na amemkumbatia, ukimtoa hapo utamtoa na mtoto. Baba yake ameshaziba huo mfereji kwa mawe na sementi. Mimi nataka tu kujua anaitwa na nani."

Basi nikamwambia. Nilikuwa nimesimama jikoni, pale pale. Nitayaandika hapa kama nilivyomwambia, nisije nikayapunguza baadaye.

Tarehe kumi na nne Agosti, saa kumi na dakika kumi, nilikuwa napika na redio inasoma habari. Nilisikia vishindo karakana. Viwili, halafu viwili. Nilijua kwamba huo ni mguu wa Mulei, miaka sita nimesikia akimwita mbwa hivyo. Nilimwona Pamba akiinuka na kwenda. Vishindo vikaendelea, viwili viwili, na nikaudhika, nikasema moyoni, mbwa si ameshafika, anagonga nini tena. Nikaongeza redio. Mwishowe kikaja kimoja peke yake, halafu kimya. Nikasema, haya, amemaliza.

Saa kumi na mbili nilienda kumwita kwa chakula. Alikuwa chini kati ya meza na ukuta, mdomo umepinda upande, upande wote wa kushoto umekufa kabla yake. Kisigino cha kulia kilikuwa kimetoka kwenye kiatu na kuchubuka. Alikuwa amepoa. Pamba alikuwa ameketi karibu naye, hajasogea, kwa sababu alikuwa ameambiwa kaa.

Daktari alisema kiharusi. Watu wote wakaniambia, pole, hungejua. Na mimi nikawaachia waamini hivyo.

Nilisikia mashine ikizimwa nyuma yake. Kisha Yvonne akasema polepole, "Mama, huyo hakuwa anamwita mbwa."

Nikasema, "Najua."

"Na mbwa peke yake ndiye huwa anaenda."

"Najua, Yvonne."

Ijumaa, 21 Novemba
Nilifika hadi mlangoni na ufunguo mkononi. Nikarudi.

Jumamosi, 22 Novemba
Nilimwambia Ndolo asubuhi. Yote, hata ya redio. Alisikiliza akiwa ameegemea jembe, kisha akasema, "Basi leo nitasimama mlangoni. Si nyuma." Siku kumi zilizopita nilikuwa nimemfanya mwizi.

Saa kumi nilifungua kufuli. Ukungu ulikuwa umeshuka na uliingia ndani pamoja nami, ukalala juu ya sakafu. Harufu ya mbao za mkuyu na gundi. Utando wa buibui kwenye msumeno. Niliketi pale Pamba alipokuwa akiketi, nikanyoosha miguu, nikaweka viganja juu ya mbao. Zilikuwa baridi.

Vilipokuja, vilikuja chini ya kiganja changu cha kulia kabisa. Viwili. Nikataka kukimbia. Viwili tena. Kutoka jikoni vilikuwa vinasikika kama kazi ya mtu mwenye nguvu. Pale chini havikuwa hivyo. Kati ya kimoja na cha pili kulikuwa na jitihada, kama mtu anayeinua gunia kwa mguu mmoja.

Nilisema, "Baba Mutindi, niko hapa. Nimekuja." Vikaendelea. Maneno hayakufika popote. Ndipo nikalala kama Pamba anavyolala, tumbo na shavu juu ya mbao, nikapiga kiganja changu mara mbili.

Vikasimama.

Nilisikia maji yakidondoka kutoka kwenye paa, na Ndolo akipumua mlangoni. Sijui ni muda gani. Halafu kikaja kimoja, peke yake, chepesi sana, karibu na uso wangu.

Kaa.

Nikakaa. Nilikaa hadi dirisha likaanza kuwa jeusi na Ndolo akaingia, akavua kofia, akaketi sakafuni karibu nami kwa muda. Kisha akanishika mkono akaniinua, kwa sababu magoti yalikuwa yamekufa ganzi.

Jumapili, 23 Novemba
Nilienda tena saa kumi. Hakuna kitu. Niliweka viganja hadi saa kumi na moja.

Yvonne ametuma ujumbe: jana Pamba aliamka kama kawaida, akafika nusu ya uwanja, akasimama. Kisha akarudi akalala. Leo hajainua kichwa.

Jumatano, 26 Novemba
Kimya. Nilidhani nitafurahi. Nyumba imekuwa kubwa.

Jumapili, 30 Novemba
Nimempigia Mutindi nikamweleza kuhusu siku ile ya baba yake. Alikata simu. Baada ya saa moja akapiga tena, sauti imekauka, akasema atakuja Krismasi na tutaongea. Hakutaja Kitui.

Jumamosi, 13 Desemba
Nimetoka Salama sasa hivi. Nilienda na parachichi na debe la maharagwe mabichi.

Yvonne alinipokea na mikono myeupe hadi viwiko, akanikumbatia hivyo hivyo, na koti langu jeusi likawa na mikono miwili ya unga mgongoni hadi nyumbani. Nyamai alinionyesha ukuta wa sementi alioujenga chini ya mabati yote, pande zote nne. Mbithe aliniita susu, jina la bibi, bila kuambiwa na mtu.

Saa kumi na dakika kumi tulikuwa tunakunywa chai. Niliona Yvonne akitazama saa ya ukutani na mimi nikaitazama. Pamba alikuwa amelala kando ya injini, kidevu sakafuni, na hakufungua jicho.

Nilishindwa kujizuia. Nilipiga kisigino mara mbili. Aliamka mara moja, akaja, akanusa magoti yangu na mikono yangu, na mkia ukaanza kwenda. Alinijua. Nilimshika masikio yale yasiyofanya kazi, nikainamisha uso kwake.

Kisha Mbithe, kutoka mlangoni, akapiga mguu wake mdogo mara mbili. Pamba akatoa kichwa mikononi mwangu, akageuka, akaenda kwake mbio.

Jumapili, 14 Desemba
Ndolo aliuliza habari za mbwa. Nikamwambia amepata wenyewe. Kisha tukaenda kung'oa maharagwe kabla mvua haijarudi.